GOTI HALINA SPEA: Kuchagua gia ya baiskeli kwa wanaopanda milima

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia chombo ambacho wengi hawakitarajii kukikuta hapa, nacho ni baiskeli. Utauliza, baiskeli na afya vinahusianaje? Vinahusiana sana, hasa kwa mtu anayeishi Nyamongo, ambako barabara haikai tambarare kwa muda mrefu. Ukitoka bonde la Mto Mara kuja Nyamongo unapanda. Ukitoka Nyamongo kwenda Nyamwaga na Tarime mjini unapanda tena, kwa sababu nyanda za juu za Tarime hufika zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari.

Ni kweli kwamba siku hizi abiria wengi wanapanda bodaboda. Hata hivyo, baiskeli haijastaafu. Bado inabeba madumu ya maji, gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, mkaa na mwanafunzi anayewahi shule. Mwenye baiskeli hanunui petroli. Petroli yake ni ugali aliokula, na injini yake ni miguu, moyo na mapafu. Injini hiyo ikiharibika, hakuna duka linalouza spea zake. Ndiyo maana tunasema kwamba kuchagua gia ya baiskeli ni jambo la afya, kama ilivyo kuchemsha maji ya kunywa.

Gia inafanya kazi gani?

Watu wengi hudhani gia nyepesi inapunguza kazi ya kupanda mlima. La hasha. Mlima ni ule ule, na mzigo ni ule ule. Gia inachofanya ni kuigawa kazi hiyo katika vipande vidogo zaidi. Fikiria mtu anayepandisha mahindi ghalani. Anaweza kubeba gunia zima mgongoni kwa safari moja, au akapeleka debe moja moja kwa safari sita. Mwisho wa siku mahindi yote yapo ghalani. Tofauti ipo mgongoni mwake.

Baiskeli ina duara mbili zenye meno, ambazo mafundi huziita sproketi. Moja ipo mbele, kwenye mikono ya pedeli. Nyingine ipo nyuma, kwenye gurudumu. Cheni inaziunganisha. Chukua idadi ya meno ya mbele, uigawe kwa idadi ya meno ya nyuma, nawe utajua gurudumu la nyuma linazunguka mara ngapi pedeli inapozunguka mara moja.

Tuchukue baiskeli kubwa ya kawaida, ile yenye magurudumu ya inchi 28. Gurudumu lake likizunguka mara moja, baiskeli inasogea kama mita 2.2. Ikiwa mbele kuna meno 48 na nyuma 18, basi kila mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka mita 5.9. Ukibadilisha ya nyuma ukaweka ya meno 22, unakwenda mita 4.8. Ikiwa ya mbele ni 44 na ya nyuma 22, unakwenda mita 4.4. Baiskeli za milimani zenye gia nyingi zinaweza kushuka zaidi. Mbele ikiwa na meno 28 na nyuma 28, kwa gurudumu la inchi 26, unakwenda kama mita 2 tu kwa kila mzunguko.

Kumbuka kanuni hii fupi: kwa kupanda mlima, meno machache mbele na mengi nyuma.

Kijana na madumu mawili

Sasa tuone hesabu hiyo inamaanisha nini kwa mwili. Tuseme kijana ana uzito wa kilo 60. Baiskeli yake ni kilo 20. Kwenye keria amefunga madumu mawili ya maji ya lita 20 kila moja, yaani kilo 40. Jumla ni kilo 120. Anapanda mahali ambapo barabara inainuka mita 6 katika kila mita 100. Huo si mlima wa kutisha, nasi wenyeji tunaujua mwinuko wa namna hiyo.

Hapo mlima unamvuta nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 7 hivi. Ni kidogo, utasema. Lakini kumbuka kwamba pedeli yake ikizunguka mara moja, mguu unasafiri mita 1 na kidogo tu, wakati baiskeli inasafiri mita 5.9. Kwa hiyo nguvu inayotakiwa kwenye pedeli ni zaidi ya mara tano, yaani wastani wa kilo 40. Tena mguu haukanyagi sawasawa mzunguko mzima, kwa maana pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa nguvu inapotea. Kwa hiyo pale katikati, ambapo mguu unasukuma kweli, inabidi afikishe kama kilo 60. Huo ni uzito wa mwili wake wote! Na hapo hatujahesabu vumbi, kokoto wala tairi lililopungua upepo.

Sasa unaelewa kwa nini anasimama juu ya pedeli, anavuta usukani kwa mikono na kuyumba kushoto na kulia. Hana namna nyingine. Goti lake, kiuno chake na mabega yake vyote vimeitwa kusaidia.

Kijana yule yule akiweka sproketi ya nyuma yenye meno 22, zile kilo 60 zinashuka hadi kama 50. Akiwa na 44 mbele na 22 nyuma, zinashuka hadi karibu 46. Na akiwa na baiskeli ya gia inayokwenda mita 2 kwa mzunguko, ni kilo 22 tu, naye anaweza kuendelea kukaa kitini.

Kuna jambo la pili. Gia nzito haimruhusu mtu kwenda taratibu. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, mwenye gia ya mita 5.9 angezungusha pedeli mara 14 tu kwa dakika. Baiskeli ingeanguka. Kwa hiyo analazimika kwenda kasi kuliko mapafu yake yanavyotaka, au ateremke. Mwenye gia ya mita 2 anazungusha kama mara 42 kwa mwendo huo huo, akahema kwa utulivu na kufika.

Goti linaumiaje?

Mbele ya goti kuna mfupa mdogo wa duara unaoitwa pia ya goti. Nyuma ya pia hiyo kuna gegedu laini linaloiwezesha kuteleza juu ya mfupa wa paja bila kusagana. Goti likiwa limekunjwa sana na likasukuma mzigo mzito, pia hiyo hugandamizwa kwa nguvu kubwa. Mara moja haidhuru. Mara elfu kwa siku, kwa miaka, huleta maumivu ya mbele ya goti, hasa wakati wa kupanda ngazi, kuchuchumaa, au kusimama baada ya kukaa muda mrefu.

Dalili hizo zikianza, usingoje goti livimbe. Punguza mzigo, badilisha gia, na upime kiti chako. Goti lililovimba, lenye joto, linalokwama au linaloshindwa kubeba mwili lipelekwe kituo cha afya. Hali kadhalika maumivu ya kiuno yanayoteremka mguuni pamoja na ganzi si ya kukandwa tu nyumbani. Muone mganga hospitalini.

Kiti nacho kina makosa yake. Wengi huteremsha kiti chini sana ili miguu yote miwili ifike ardhini. Kwa kufanya hivyo goti hukunjwa mno kila mzunguko, na hata gia nzuri haisaidii. Kipimo ni rahisi. Mwombe mtu akushikie baiskeli, ukae kitini na uweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukianza kuendesha, kanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, nalo goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Ikiwa kiuno kinacheza kulia na kushoto, kiti kimezidi urefu. Kiteremshe kidogo.

Uchague gia ipi?

Kwanza, hesabu meno ya baiskeli uliyo nayo. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, kisha uzunguke nayo. Wengi wamemiliki baiskeli miaka kumi bila kujua hesabu hiyo.

Pili, jipime mlimani. Chagua mlima unaoupanda kila siku, ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Hesabu mguu wa kulia unashuka mara ngapi kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 60 au zaidi, gia yako inakufaa. Ukipata chini ya 40 na mlima ni mrefu, gia ni nzito kwako.

Tatu, linganisha njia zako na kifaa:

1. Kama njia yako karibu yote ni tambarare, meno 48 mbele na 18 nyuma yanatosha.

2. Kama unapanda na kushuka kwa mzigo mdogo, mwambie fundi akutafutie sproketi ya nyuma ya meno 20 au 22. Hiyo ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote kwa mwenye baiskeli ya gia moja. Cheni ya zamani inaweza kuwa fupi, hivyo fundi ataongeza jozi moja ya viungo au atasogeza gurudumu mbele kidogo. Usiogope kwamba utachelewa kwenye tambarare. Kwa meno 48 na 22, ukizungusha pedeli mara 70 kwa dakika, bado unakwenda karibu kilomita 20 kwa saa.

3. Kama unapanda milima mirefu, tafuta baiskeli ya gia za kubadilisha. Kati ya za mtumba zinazotoka ng'ambo zipo zenye gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Gia yake ya chini hupunguza uzito wa pedeli kwa karibu robo. Uzuri wake ni kwamba vumbi na tope haviingii kirahisi.

4. Kama mlima ni mkali na mzigo ni mzito, baiskeli ya gia nyingi ndiyo yenyewe, lakini usidanganywe na idadi. Muuzaji atakuambia ina gia 18 au 21. Wewe hesabu meno ya sproketi ndogo kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma. Kama ya mbele inalingana na ya nyuma au imepungua, baiskeli hiyo ni ya mlima. Kama ya mbele imezidi sana, baiskeli hiyo ni ya barabara tambarare, hata kama imeandikwa maneno ya milima kwenye fremu. Uangalie pia kama fundi wa karibu nawe anaweza kuirekebisha na kupata vipuri vyake.

Badilisha gia kabla mlima haujaanza, si katikati ukiwa umekanyaga kwa nguvu zote. Cheni inaweza kuruka au kukatika. Vilevile meno yaliyochongoka kama ya msumeno na cheni iliyolegea vibadilishwe pamoja. Cheni ikiruka wakati umesimama juu ya pedeli, utaangukia fremu, na jeraha lake ni baya.

Je, kuteremka na kukokota ni aibu?

Vijana wengi hushindana nani atafika juu bila kuteremka. Anayeshuka huzomewa. Hebu tuwaangalie mabingwa wenyewe wa mchezo huu.

Mwaka 1902 huko Ufaransa yalifanyika majaribio ya baiskeli milimani. Mwanamke mmoja, Marthe Hesse, alikuwa na baiskeli ya gia tatu. Mwanamume bingwa, Édouard Fischer, alikuwa na ya gia moja. Mwanamke alimaliza bila kuteremka, mwanamume akalazimika kukokota. Hata hivyo Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, aliona gia za kubadilisha ni za watu wa makamo. Mashindano hayo hayakuruhusu mitambo ya kuhamisha cheni hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo washindani waliweka sproketi pande mbili za gurudumu la nyuma, wakawa wanasimama chini ya mlima, wanalifungua gurudumu na kuligeuza. Naye Octave Lapize, mshindi wa mwaka 1910, alipiga picha inayojulikana hadi leo akiwa anaikokota baiskeli yake kwenye mlima wa Tourmalet. Alikokota, na bado akashinda.

Karibu nasi zaidi yupo Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa baiskeli na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu. Alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Waliomtazama mwaka 2013 kwenye mlima wa Mont Ventoux walishangaa kuona anawaacha wenzake akiwa amekaa kitini, miguu ikizunguka upesi kwenye gia nyepesi. Kama bingwa wa dunia nzima hakuona haya kutumia gia nyepesi, kwa nini mtu mwenye madumu mawili aone haya?

Kwa hiyo tunashauri hivi: ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, au ukilazimika kusimama juu ya pedeli kwa muda mrefu, teremka ukokote. Unapombeba mgonjwa au mama mjamzito kumpeleka zahanati, mlimani usiendeshe kabisa. Kokota, na mtu mwingine amshike.

Pale ambapo kosa si la gia

Hapa tunaomba usome kwa makini. Mlima ule ule, mzigo ule ule na gia ile ile, lakini mwaka huu unakushinda ambapo mwaka jana ulipanda. Usimwendee fundi baiskeli. Mwendee mganga. Huenda damu imepungua, labda kwa malaria au minyoo. Huenda shinikizo la damu limepanda au moyo una hitilafu.

Kwa Nyamongo tunawasemesha hasa wale waliochimba, waliosaga au waliotwanga mawe ya dhahabu. Vumbi laini la mawe huingia mapafuni na kuyaacha na makovu. Ugonjwa huo huanza kimyakimya, na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa hiyo ya kuhema mlimani. Aidha, mapafu yenye vumbi hilo hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, nenda ukapimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Na ukisikia maumivu ya kifua yanayobana, yakaenda mkono wa kushoto au taya, au ukasikia kizunguzungu, simama hapo hapo, kaa kivulini, na uombe upelekwe hospitali.

Mpandaji ni mshukaji

Kila aliyepanda atashuka, na kilo 120 zinazoteremka hazisimami kwa matumaini. Kabla ya safari bana breki zote mbili na usukume baiskeli: gurudumu lisizunguke. Raba za breki zilizokwisha zibadilishwe. Rimu ya chuma iliyolowa mvua hushika kwa shida, hivyo anza kubana mapema. Funga mzigo chini na katikati ya keria, usipande juu kama mnara. Na beba maji ya kunywa, si ya kuuza tu.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Sproketi ya meno 22 inauzwa, goti jipya haliuzwi sokoni. Kabla ya msimu wa mavuno haujaanza na magunia kuanza kupanda kilimani, toa baiskeli yako uani, ushike chaki, uhesabu meno.